Bango Lenye Fremu Nyekundu

Jumamosi, saa za soko, kituo cha mabasi cha mji wetu wa Pernik hakuna pa kutia mguu. Wanawake wanauza jibini na pilipili za kuchoma, vijana wanagombea basi la Sofia, na kila nguzo imevikwa karatasi kutoka chini hadi mkono unapofika: fulani ametutoka, fulani ametimiza mwaka kaburini, fulani bado tunamkumbuka. Sisi watu wa hapa husoma tanzia kama wengine wanavyosoma magazeti. Tunasimama, tunatazama sura ndani ya fremu nyeusi, tunaguna, halafu tunaendelea na safari ya kununua vitunguu.

Kwenye nguzo mojawapo alisimama Zornitsa, ndoo ya gundi miguuni na brashi mkononi. Alikuwa amevaa koti la manjano lililomzidi kimo, na nywele zake fupi zilikuwa zimelowa ukungu. Alikuwa na mabango ya tamasha aliyoyachora mwenyewe, lakini nafasi ya kuyabandika haikuwepo. Akachagua tanzia moja iliyopauka kwa jua hata sura ya marehemu imebaki kivuli, akaipaka gundi. Kabla hajaifunika, mtu akamdaka mkono.

"Huyo ni kaka yangu."

Zornitsa akageuka. Kijana mrefu, koti la ngozi limechakaa viwikoni, ndevu za siku kadhaa. Kwapani alikuwa na bunda la karatasi mpya zenye sura ileile iliyokuwa imefifia kwenye nguzo.

"Samahani, kaka. Niliona imezeeka."

"Imezeeka kweli. Nimemletea mpya. Leo anatimiza mwaka."

"Pole sana."

"Asante. Gundi yako inaonekana nzuri kuliko hii yangu. Hii mama kaikoroga kwa unga, mbwa wanairamba."

"Basi tumia yangu. Ndiyo faini yangu hiyo."

Akaibandika tanzia mpya mwenyewe, akainyoosha kwa kiganja cha mkono uliobaki mpaka mapovu yakaisha. Kisha akaitazama vizuri, akasita. "Hii nimeichapa mimi. Nafanya kazi kwa Mzee Nedko, duka la kuchapia karibu na soko. Alikuja mama mmoja wa kitambaa cheusi, nikampa kiti akakataa kukaa."

"Huyo ndiye mama yetu. Anaogopa akikaa hatainuka." Macho ya kijana yakahamia kwenye bango la tamasha. Palichorwa kunguru aliyesimama juu ya gitaa kama amesimama juu ya paa lake. "Na hili nani kalichora?"

"Mkono huu ulioung'ang'ania. Uachie basi, nina kazi."

Akauachia, akaona haya. Jina lake lilikuwa Tihomir.

Walikunywa kahawa wamesimama kwenye kibanda cha banitsa, mafuta ya mikate ile ya jibini yakiwachuruzika vidoleni. Tihomir akamweleza kwamba alikuwa mwimbaji wa bendi iitwayo Masizi. Kaka yake Lyuben ndiye aliyepiga gitaa, mpaka pikipiki ilipomtupa kwenye barabara ya Sofia. Tangu siku hiyo bendi ilikuwa kimya, na mama alikuwa amelifungia gitaa kabatini.

"Mkirudi jukwaani, nitawachorea bango," Zornitsa alisema.

"Nani atalisoma? Mji wenyewe unausikia ulivyolala."

"Mji huu unasoma tanzia tu. Siku moja nitawatengenezea bango mfano wa tanzia, uone kama ukumbi hautajaa."

Tihomir akacheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kiatu. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza kwa muda mrefu, na Zornitsa akajiona ameokota dhahabu. Angejua utani ule ungekuja kumtokea puani, angeumeza na kahawa yake.

Wiki iliyofuata Tihomir alimjia dukani na mawaridi. Zornitsa akayahesabu mbele yake bila aibu, kidole kikigusa kila ua, kwani kwetu maua ya shufwa, mawili, manne au sita, ni ya wafu tu.

"Matano. Umefaulu."

"Muuzaji alikuwa ameshanifungia manne. Kanizoea, mwaka mzima nanunua ya makaburini. Nikamwambia, dada, ongeza moja, huyu wa leo anapumua."

"Ningeona manne ningekufukuza na ndoo ya maji."

"Ndiyo maana nimehesabu mara mbili, moyo wangu."

Neno hilo lilimtoka tu, na halikurudi tena ndani. Mapenzi yao yakashika kasi. Asubuhi simu ilimwamsha Zornitsa kabla ya saa yake kulia: "Zori, umeota nini?" Naye: "Nimeota umekata ndevu, Tisho." Naye: "Basi lala tena, uote kitu kinachowezekana." Mchana Zornitsa alichapa tanzia za Mzee Nedko, jioni alikaa na kishikwambi chake magotini, akachora.

Bendi ikaamua kurudi. Walipata siku ya Jumamosi mwezi wa Novemba, katika ukumbi wa zamani wa wachimba migodi. Kwa Tihomir, tamasha lenyewe lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa mama yake, Stoyanka. Mama huyo alikuwa hajavua nguo nyeusi wala kuvuka kizingiti cha nyumba ila kwenda kanisani na makaburini, na mwanawe aliona anamzika polepole akiwa hai.

Tihomir alimpeleka Zornitsa nyumbani. Mama Stoyanka aliwawekea supu ya maharage, akamwangalia binti yule muda mrefu.

"Wewe ndiye uliyemchapa Lyuben wangu."

"Ndiyo, mama."

"Ulimweka vizuri. Wengine huwavuta watu sura, wakawa wapana." Akaenda chumbani, akarudi na picha ya zamani. Ndani yake alikuwa yeye mwenyewe kabla ya msiba, amefunga kitambaa chekundu kilichokolea, wanawe wawili wamemkumbatia huku na huku. "Chora na huyu aliyebaki. Mchore akiwa anaimba."

Zornitsa akaipiga picha ile kwa simu. Alipofika kwake akaifungua kwenye kishikwambi, akakigusa kile kitambaa kwa ncha ya kalamu, rangi ikaja kama ilivyo. Akamchora Tihomir kwenye tabaka moja, macho yamefumba, shingo imekaza. Kwenye tabaka lingine akaweka mnara wa mgodi na moshi. Juu ya yote akazungusha fremu pana ya ule wekundu wa kitambaa, nene, ya kuchorwa kwa mkono, pembe zake hazilingani.

Tihomir alipoiona aliinama karibu na kioo. "Mbona mimi ni mzuri hivi?"

"Nimekupunguzia pua."

"Na wekundu huu?"

"Wa kitambaa cha mama yako. Nimeuchota kwenye picha."

Walimwonyesha mama. Akapitisha kidole juu ya fremu ile kwenye kioo cha kishikwambi, picha ikakua na kupungua mpaka akaogopa ameiharibu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu dukani: "Siku hiyo nitakivaa. Nitakuja kumsikia."

Tihomir alitoka nje, akasimama kwenye ngazi, akalia. Zornitsa alimfuata, akamshika kiuno kwa nyuma, wakakaa hivyo mpaka jirani mmoja akapita na mifuko akawaambia wampishe.

Mabango makubwa yalichapwa Sofia kwa rangi, yakapendeza. Yakabandikwa, na mvua ikaanza. Ilinyesha kwa hasira kama inalipwa, na kufikia Alhamisi mabango yalikuwa yananing'inia vipande vipande. Vihren, mpiga ngoma wa bendi, akampigia Zornitsa simu kazini.

"Zori, hakuna bango hata moja lililosimama. Mji mzima haujui kama tunapiga keshokutwa."

"Sofia hawawezi kuchapa kabla ya Jumatatu."

"Chapa hapo kwenu. Madogo, hata ya karatasi ya kawaida. Watu wajue tu."

"Mashine ya Mzee Nedko haina rangi, Vihren. Ni nyeusi tu."

"Nyeusi inatosha. Tihomir kaenda Sofia kuchukua spika, yuko kwenye chumba cha chini ya ardhi kisicho na mtandao. Tumshtue akirudi akute mji umejaa."

Zornitsa akafungua faili, akaipunguza ikawa ukubwa wa karatasi ya dukani. Ili herufi zisomeke zikiwa ndogo, akaondoa mnara na moshi, akakuza sura. Jina juu, TIHOMIR NA MASIZI. Sura katikati. Chini siku, saa na mahali. Kwenye kioo fremu ilikuwa nyekundu. Akabonyeza, na wakati huohuo akaingia mwanamume aliyefiwa na mkewe, akitaka tanzia na hajui aandike nini. Zornitsa akamshika mkono, akamsaidia kutafuta maneno. Vihren alipofika, alipewa bunda likiwa bado na joto la mashine, pamoja na ndoo ya gundi, akaenda kubandika. Zornitsa aliitazama karatasi ya juu, akaona imetoka safi, akarudi kwa mfiwa.

Aliitazama kweli. Lakini macho yake yalikuwa yametazama fremu nyeusi kutwa nzima, mwaka mzima, na hayakushtuka kuona nyingine. Kwenye mashine isiyojua rangi, wekundu uliokolea na weusi ni kitu kimoja.

Shangazi Ginka, jirani wa mama Stoyanka kwenye ghorofa ya pili, aliiona nguzo kutoka dirishani mwa basi. Miwani ilikuwa mkobani. Aliona sura ya kijana aliyemlea, jina lake, fremu nyeusi, na chini yake siku na saa kama ya maziko. Alishuka kituo kilichofuata, akanunua mawaridi manne, akapanda ngazi akilia.

Mama Stoyanka alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa ameanua kitambaa chekundu kwenye kamba, kilikuwa begani kwake bado na unyevu.

"Stoyanka, dada yangu," Ginka alisema, "na huyu tena?"

Mama hakumuuliza nani. Aliyatazama maua. Midomo yake ikacheza kidogo, kama ya mtoto anayejifunza hesabu, moja, mbili, tatu, nne. Akaanguka pale mlangoni, na kitambaa kikaanguka juu yake.

Simu ya Tihomir ilipoingia, Zornitsa alikuwa anafunga duka.

"Mpenzi, uko wapi, nimekutafuta—"

"Niko hospitali. Mama mdomo umekwenda upande. Haongei. Mkono mmoja haunyanyuki."

"Mungu wangu. Nakuja."

"Usije." Sauti yake ilikuwa tambarare. "Nimepita stendi. Nimejiona."

"Umejiona vipi?"

"Kwenye nguzo. Nimekufa, Zori. Nimekufa vizuri, umenipunguzia pua."

Zornitsa akarudi ndani akiwa na simu sikioni, akachukua karatasi iliyosalia kwenye mashine, na safari hii akaiona.

"Ulisema pale kwenye kahawa," Tihomir aliendelea. "Bango mfano wa tanzia, uone kama ukumbi hautajaa."

"Tisho, ule ulikuwa utani. Fremu ni nyekundu, ni mashine—"

"Unachapa tanzia kutwa nzima, halafu uniambie hukuiona?"

"Ndiyo maana sikuiona."

"Ungesema kingine ningekuamini. Usinipigie tena."

Ijumaa nzima Zornitsa alizunguka mji na kikwangua rangi, akibandua. Gundi yake ilikuwa nzuri mno, kama alivyosifiwa siku ya kwanza, na karatasi haikutaka kutoka. Kucha zilimpasuka. Kwenye kila nguzo palikuwa na mtu wa kumuuliza: "Binti, huyu kafa au hajafa?" Naye alijibu kila mara kwamba hajafa, hajafa, hajafa. Tamasha halikufanyika.

Alipiga simu kwa wiki kadhaa, ikalia bila kupokelewa. Alituma ujumbe, hakujibiwa. Alikwenda hospitali, akamwona Tihomir kwenye kioo cha mlango akimlisha mama yake kwa kijiko, akimpangusa kidevu, akashindwa kugonga. Alikitia kishikwambi kwenye droo chini ya soksi. Akatengeneza tanzia za watu wengine, na kila moja aliitazama mara tatu, mpaka Mzee Nedko akamwambia wafu hawana haraka lakini waliofiwa wanayo. Habari alizipata kwa Vihren: mama amerudishwa nyumbani, mama anainua mkono mmoja, Tihomir haimbi, Tihomir amekonda. Alimpenda na kumkumbuka na hakuwa na pa kuyapeleka mapenzi hayo.

Mwezi Machi, watu wamekwisha kufunga nyuzi nyekundu na nyeupe mikononi kukaribisha majira, mlango wa duka ukafunguliwa. Alikuwa Tihomir. Ndevu zilikuwa zimekatwa. Zornitsa alikiona kidevu kile kitupu kwanza, akajua amekuja kwa msiba.

Mzee Nedko akainuka, akasema anakwenda kuvuta sigara, ingawa aliziacha tangu ujana.

"Jina kamili la marehemu," Zornitsa alisema, kwa sababu ndivyo kazi inavyoanza na kingine hakuweza kukitamka.

"Unalijua."

Akaandika. Akalikosea, akaandika tena. "Picha unayo?"

Akaitoa ile ya zamani, ya kitambaa chekundu. "Sitaki umweke picha. Mchore."

"Sijachora tangu siku ile."

"Na mimi sijaimba." Alivuta kiti, akakaa. "Nikuambie kitu. Alipotoka hospitali alinyoosha kidole kabatini kila siku. Nikamtolea nguo, siyo. Nikamtolea gitaa la Lyuben, siyo. Nyuma ya gitaa kulikuwa na bango lako moja kubwa, lile la Sofia, limekunjwa. Ndilo alilotaka. Likakaa mbele ya kitanda chake kipupwe chote. Akiamka analitazama hilo kwanza, ndipo ananitazama mimi."

Zornitsa alifunika uso kwa viganja. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilitaka awepo mtu wa kulaumu. Kama si wewe, basi ni mimi niliyekwenda mahali pasipo na mtandao. Nilikuona ukibandua, Zori. Nilikuwa ndani ya teksi, nikaona vidole vyako vinatoka damu, nikamwambia dereva aendelee. Hilo nisamehe kama unaweza."

Zornitsa alikwenda kwake mbio, akarudi na kishikwambi, akakichomeka umeme. Alichora palepale kaunta, Tihomir akimwongoza kwa sauti ya chini: kovu la nyusi lipo kushoto, alikuwa anakunja jicho hili akicheka, hapana, zaidi kidogo, hapo. Walipomaliza, mama Stoyanka aliwatazama kutoka kwenye kioo, amefunga kitambaa chake. Zornitsa akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikatoa karatasi, na Tihomir ndiye aliyeiokota.

Aliitazama muda mrefu, mara kioo, mara karatasi. Kwenye kioo kitambaa kilikuwa chekundu. Kwenye karatasi kilikuwa cheusi tii.

"Ndivyo inavyofanya," alisema.

"Ndivyo inavyofanya."

"Siku zote?"

"Siku zote, Tisho."

Akaketi tena, karatasi gotini, akalia kama alivyolia kwenye ngazi. Zornitsa akazunguka kaunta, akamshika kichwa, akakiegemeza tumboni kwake. Alipotulia Zornitsa akasema angeipeleka Sofia ikachapwe kwa rangi, kwa gharama yake.

"Maziko ni kesho," Tihomir alisema. "Kwani huna kalamu nyekundu?"

Zornitsa akarekebisha faili, akakiacha kitambaa kitupu, mistari tu, na kuchapa upya. Wakakaa upande mmoja wa kaunta, bega kwa bega, wakajaza wekundu karatasi moja baada ya nyingine. Mzee Nedko alirudi kutoka kwenye sigara asiyoivuta. Alivuta stuli, akachukua kalamu ya tatu. Jioni walibandika, na watu wa Pernik wakasimama kwenye nguzo kuliko wanavyosimama siku zote, wakiulizana ni nani huyu mama aliyeondoka na rangi yake.

Kesho yake kaburini kulikuwa na upepo. Ngano ya kuchemsha iligawiwa kwenye vikombe vya karatasi, divai ikamiminwa juu ya udongo, Shangazi Ginka akashikiliwa na watu wawili kwa kulia. Watu walipoanza kushuka kilima, Tihomir alifungua shada lake la mawaridi na kuanza kuyalaza, moja moja. Zornitsa alisimama nyuma, akahesabu kimoyomoyo kama alivyozoea. Tihomir alilaza sita. La saba likabaki mkononi.

Tihomir akageuka, akamnyooshea.

"Nimekosea hesabu dukani," alisema.

Zornitsa akalipokea. Vidole vyake vilikuwa bado na wekundu wa kalamu.

"Hukukosea," alisema.